Binti wa Kula

Mimi na wewe, msomaji, tuliachana nikiwa nje ya geti la redio, vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki, na mlinzi akijishika mbavu kwa sababu sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye kiredio chake. "Wananchi wote, twendeni tukapige kula!" Halafu kicheko. Halafu mluzi. Halafu tangazo la sabuni.

Kwa wewe unayenikuta njiani: mimi ni binti wa ng'ambo ya mpaka. Shule niliiacha kabla ya kumaliza la tano. Niliingia redioni kufuta meza, nikaishia kusoma matangazo ya vifo siku msomaji wao alipokauka sauti. Nilisoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na wasikilizaji wakapenda. Walisema nawatajia marehemu wao kwa adabu. Nikapewa kiti.

Sasa, kwetu l na r ni pacha. Ukimwita mmoja anakuja mwingine, na mara nyingine huyo aliyekuja anakuja mara mbili. Kwenye maandishi haina shida, kalamu haina lafudhi. Lakini siku moja, hewani, nilikuwa namkaribisha mtangazaji wao mkubwa, yule anayejiita Fahari ya Hewani, ulimi wangu ukamwita Fahali ya Hewani.

Kufika jioni mji mzima ulikuwa unamwita dume la ng'ombe. Alikwenda sokoni, watu wakamlilia "mooo" nyuma ya matenga ya nyanya.

Hakunisamehe. Akanipa tangazo la uchaguzi nisome, "kwa majaribio tu, mdogo wangu." Akanirekodi. Akakata kile kipande cha kura na kula, akakifanya kibwagizo cha kipindi chake cha asubuhi, kisha akanifukuzisha.

Kuninyang'anya kazi, hilo ningelimeza. Alininyang'anya sauti.

*

Mama yangu mdogo ana saluni. Viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na draya moja yenye kelele nyingi kuliko upepo. Redio iko juu ya kabati la mafuta ya nywele. Mamdogo alinipa kazi ya kuosha vichwa, nami nikaosha bila kufungua mdomo. Mteja akiniuliza kama maji ni ya moto, natikisa kichwa. Akiniuliza nimeolewa, natikisa kichwa hicho hicho.

"Huyu binti ni bubu?" mteja mmoja wa rasta aliuliza.

"Ana mafua," Mamdogo akajibu.

"Mbona hata nilipokuja mara ile alikuwa na mafua?"

"Ndiyo hayo hayo. Mafua yake ni ya ukoo."

Kwenye kona ya saluni hukaa bibi mmoja anayefua na kukunja mataulo. Sisi tunamwita Bibi Mataulo. Naye ni wa kwetu, ng'ambo. Kila asubuhi Fahari akiingia hewani, Bibi huweka taulo magotini na kuinua sikio.

"Mchumba wako huyo, Bibi!" wateja humtania.

"Mwacheni aseme," Bibi hujibu. Yeye nitamwandika kama anavyosema, maana humo ndimo yalimo mambo. "Mwanangu arikuwa na sauti hiyo hiyo. Rori wangu."

Mwanawe alipokuwa mdogo alikuwa anashinda uani akijifanya gari kubwa la mizigo, muungurumo na honi, mpaka kijiji kizima kikamwita Lori. Kwa kwetu, Rori. Alipokua akavuka mpaka kwenda kusoma. Habari zake zikakatika. Bibi akamfuata, akatafuta mpaka soli za viatu zikaisha, ndipo akaangukia kwenye mataulo ya Mamdogo.

"Bibi," yule mteja wa rasta akasema, "kila mwanamume mwenye sauti nzito ni mwanao? Basi mchukue na mwenye nyumba wangu, ukamlee."

Walicheka. Bibi akacheka nao, bila jino la mbele.

Mimi nilikuwa nasuuza kichwa cha yule mteja. Maji yakageuka moto ghafla, yakaniunguza, nikasahau mafua yangu.

"Samahani, dada, geuza shingo kuria."

Mteja akainuka, povu likimtiririka usoni. "Umesemaje?"

Nikachukua taulo, nikamfuta povu machoni.

"Sema tena. Jamani, huyu ni Binti wa Kula! Ni yeye! Njooni! Hebu semea simu yangu, mume wangu hataniamini!"

Akanishikia simu mdomoni kama mtu anayemlisha mtoto uji. Nilimtazama Mamdogo. Mamdogo alitazama sakafu, kwa sababu mteja ni mteja.

Nikasema. "Twendeni tukapige kula." Walicheka mpaka wakazima draya wapate kucheka vizuri.

Asiyecheka alikuwa Bibi Mataulo peke yake. "Hata mimi nasema hivyo hivyo," alisema. "Kwani amekosea wapi?"

Nilitoka uani, nikasimama kati ya mataulo kwenye kamba, yakinipiga usoni. Hapo ndipo nilipoapa. Sikutaka Fahari afe, wala augue. Nilitaka kitu kimoja tu: mdomo wake umsaliti mbele ya nchi nzima, kama wangu ulivyonisaliti.

Wanasema dua la kuku halimpati mwewe. Subiri.

*

Aliyekuja saluni hakuja kunyolewa. Alikuwa Fundi Mitambo, yule kaka wa redioni anayekaa nyuma ya kioo na kubonyeza vitufe. Alisimama mlangoni akigeuza kofia mikononi.

"Dada, wanakutaka kazini."

"Nani ananitaka?"

"Mwenye sabuni. Mdhamini. Anasema watu wanampenda Binti wa Kula, anamtaka mwenyewe, siyo kanda. Kitaitwa Darasa la Kula. Kila asubuhi Fahari anakufundisha kutamka, watu wanapiga simu, wanafurahi."

"Na Fahari amekubali?"

"Amekubali kama aliyemeza mwiba. Lakini mwenye sabuni ndiye anayemlisha."

Mamdogo aliniita pembeni, kitana bado kipo nyweleni mwa mtu. "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Wewe unataka kwenda kulala naye kitanda kimoja?"

"Siendi kulala, Mamdogo. Naenda kuangalia kichwa chake kiko wapi."

*

"Karibu tena, mwanafunzi!" Fahari alinipokea hewani kwa sauti ile inayowafanya wake za watu waunguze mboga. "Leo tuanze na jepesi. Sema: lori limelala barabarani."

Neno hilo alilichagua mwenyewe. Wakati huo sikuona kitu. Lakini weka akilini.

"Rori rimerara balabalani."

Fundi Mitambo akabonyeza kile kicheko cha mashine, ha ha ha, na nchi nzima ikacheka kwa pamoja. Ikawa hivyo kila asubuhi. Alinilisha fahari na fahali, mahali na mahari, siri na sili. Kila nilipokosea alinipigapiga begani, na kila alipokuwa nje ya hewa alijifuta ule mkono kwenye suruali.

Mimi nilivumilia nikitafuta kichwa cha nyoka.

Asubuhi moja, matangazo yalipokuwa yanapigwa na taa nyekundu ya hewani imezimwa, nilimletea chai. Nikikuambia kikombe kiliniteleza, utaniamini. Kwa hiyo sikuambii.

Chai ilimwingia mapajani.

"Roo!" aliruka. "Roo! Rahaura!"

Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Wenyeji wakiungua husema loo. Husema lahaula. Hakuna mtu chini ya jua anayesema roo ila aliyenyonya kule nilikonyonya mimi. Kusema, mtu hujifunza. Ukiwa na bidii unaweza kusema kama kiongozi. Lakini kupiga ukelele hakuna shule yake. Huo unatoka ulikotoka wewe.

Na siyo hivyo tu. Aliivuta ile roo, akaipandisha mwishoni kama mtu anayeuliza. Nilikuwa nimeisikia ikipandishwa hivyo hivyo. Ni Bibi Mataulo, kila sabuni inapomrukia machoni.

"Umesikia nini?" Fahari aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia chai, kaka."

Akanishika kiwiko, akabana. "Ukilitamka neno hilo popote, nitahakikisha mnarudishwa mpakani, wewe na huyo msusi wako. Wewe ni mgeni hapa. Usisahau."

"Sisahau, kaka," nikamwambia. "Na wewe?"

Taa nyekundu ikawaka. Fahari akageukia maiki, akatabasamu, suruali ikimchuruzika. "Naam, wapenzi wasikilizaji! Tumerudi!"

*

Nilimkuta Bibi anakunja mataulo.

"Bibi, Rori wako alikuwa akiungua, anasemaje?"

Akanicheka. "Angesemaje? Roo! Kama mimi mama yake."

"Kaka anayetangaza asubuhi," nilimwambia, "ameniagiza. Anataka kuongea na wewe kwenye simu. Hewani."

Ulikuwa uongo. Niliusema bila kupepesa. Taulo lilimdondoka Bibi mkononi. Kisha akainuka, akaenda kunawa uso, akatafuta kitambaa chake kizuri cha kichwa na kukifunga mbele ya kioo kilichopasuka, kana kwamba redio ingemwona.

Mamdogo alinivuta uani. Alikuwa amekwisha kuelewa; ana masikio kama yangu.

"Mwanangu, bibi huyu si jiwe la kumrushia mtu."

"Jiwe likiwa mama yake, hawezi kulikwepa."

"Na jiwe lenyewe je? Likishapiga, linaangukia wapi?"

Nilikuwa nimeshalishika.

*

Asubuhi iliyofuata nilimnong'oneza Fundi Mitambo namba ya saluni. Nikamwambia ni shabiki mzee, mcheshi sana, amfungulie laini wa kwanza. Akafurahi. Kipindi kinataka vicheko.

Nikakaa kitini, nikavaa hedifoni, nikanyoosha gauni. Moyo wangu ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi.

"Laini ziko wazi!" Fahari akatangaza. "Darasa la Kula, nani mwenzetu wa kwanza?"

Mvumo wa draya. Kisha sauti.

"Haro? Haro! Rori?"

Nyuma ya kioo Fundi Mitambo aliinama kwa kucheka. Bila shaka na wewe ulicheka, kama ulikuwa unasikiliza. Nani asingecheka? Bibi kizee anapiga simu kwenye kipindi cha matamshi, neno la kwanza analikosea.

Fahari hakucheka. Rangi ilimtoka usoni, ikashuka shingoni, ikaingia kwenye shati. Nilimwangalia bila kupepesa, kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Lakini huyo mtu anaijua kazi yake. Akajikusanya.

"Ahaa! Mwanafunzi mpya!" alisema. "Bibi, siyo rori. Sema: lori."

"Rori."

"Lo. Lo-ri."

"Rori, mwanangu," Bibi akasema. "Ni mama."

Ha ha ha, mashine ikacheka.

Mimi nimeona mengi, lakini hilo sikuwahi kuliona: mtu mzima anamfundisha mama yake kutamka jina ambalo mama mwenyewe alikuwa akimwita tangu mtoto akiunguruma uani. Na nchi inacheka. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye maiki.

"Bibi," niliingilia, "hajakuerewa. Mpigie honi."

"Honi?"

"Ire ya utotoni."

Bibi akavuta pumzi, tukaisikia. Kisha akapiga honi ya gari la mizigo kwa mdomo usio na jino la mbele: "Piiii-pooo! Piiii-pooo! Rori rinapita, tokeni njiani!" Mwishoni sauti ilimkatika, siyo kwa kicheko.

Fundi Mitambo aliutoa mkono kwenye kitufe cha vicheko. Alikuwa ananitazama mimi, kisha Fahari, kisha mimi.

Fahari akanyoosha mkono kwenye swichi ya kukata simu. Akaukuta wangu umetangulia.

"Mjibu, kaka," nikamwambia, na maiki ikasikia. "Watu wanakusubiri."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na nakiri kwako wewe unayesoma: ilinishibisha. Nilijua kuwa sasa hana pa kupitia. Akikubali, Fahari amekwisha. Akikataa, amemkana mama yake mbele ya watu. Nilikuwa nimefunga milango yote miwili na funguo ziko mfukoni mwangu.

Sikujua kuwa kuna dirisha.

Aliinamia maiki. Akalainisha sauti, ile ya mboga kuungua.

"Bibi yangu, pole sana. Huyo mwanao nilimfahamu. Tulikuwa naye hapa, kijana mzuri. Nasikitika kukujulisha kuwa alifariki, zamani."

Hayo aliyasema akiniangalia mimi machoni.

Nimesoma vifo vingi hewani. Sijawahi kumsikia marehemu akijitangaza mwenyewe.

Kwenye simu palikuwa na draya tu. Kisha Bibi akasema, polepole sana:

"Amekufa?"

"Ndiyo, Bibi. Pole."

"Binti..." Sasa alikuwa ananitafuta mimi. "Binti, uko hapo? Si uriniambia ananitafuta?"

Nilifungua mdomo. Pacha wangu wote wawili, l na r, hakuna aliyekuja.

"Binti? Si urisema ameniagiza?"

Fahari aliegemea kiti. Pembe ya mdomo wake ilianza kucheka. Akanyoosha vidole viwili kwa Fundi Mitambo, ishara ya kuweka muziki.

Muziki haukuwahi. Tulisikia ndoo ikipinduka, maji, kitu kizito. Halafu sauti ya Mamdogo, mbali na simu, kisha karibu, kisha ndani ya masikio yangu:

"Bibi! Bibi, niangalie! Jamani ameanguka! Mshikeni kichwa! Bibi!"

Kiti cha Fahari kiligonga ukuta. Alikuwa amesimama, hedifoni zimemning'inia shingoni, mikono yote miwili ameshika maiki kama anayetaka kuing'oa.

"Roo!" alipiga ukelele. "Roo! Mama! Mama, niko hapa! Ni mimi, Rori wako! Mama, usirare! Niangarie, mama!"

Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Nchi nzima imesikia. Mwenye sabuni amesikia. Mlinzi wa getini na kiredio chake amesikia, na mteja wa rasta, na wale wa sokoni. Nililoapa kati ya mataulo limetimia lote, neno kwa neno, na bado mkono wangu ulikuwa juu ya swichi.

"Mamdogo?" nikasema. "Mamdogo, anapumua?"

Simu ilikuwa imedondoka mahali fulani, bado iko wazi, na ndani yake draya inanguruma juu ya kichwa kisichokuwepo.

Fahari akaniinamia juu ya meza, machozi yakimdondokea kwenye maiki yake na yangu.

"Haro?" alisema kwenye simu. "Haro? Mama?"

Hakuna aliyecheka.